Mbwa Asiyesemeshwa

Wezi walioivamia nyumba ya mfanyabiashara Fayaz iliyoko Bububu hawakupata mali ya maana. Waliondoka na televisheni, redio ya jikoni na sukari iliyokuwemo kabatini. Lakini Jenabai, mama yake Fayaz, walimfunga kwa mtandio wake mwenyewe kwenye mguu wa kitanda, na akakaa hivyo mpaka mpishi alipokuja asubuhi. Tangu siku hiyo bibi yule hakutia tena mguu Bububu. Alirudi Mji Mkongwe, kwenye chumba kilicho juu ya duka la mwanawe, na kila mlango ulipobishwa alijishika kifua. Fayaz akaupandisha ukuta wa ile nyumba, akapanga vigae vya chupa juu yake, akaigeuza nyumba kuwa ghala la bidhaa za duka: masinki, mabomba na majenereta. Akamwajiri Kificho awe mlinzi. Kisha akatafuta mbwa.

Kificho alikuwa Mtumbatu wa kijiji cha Jongowe, mtu wa umri wa kukaribia sitini. Ujana wake wote aliumaliza kwenye vyumba vya mashine za meli, mpaka goti likamkatalia ngazi. Mkewe, Mashavu, alibaki Jongowe, na yeye akawa na chumba chake Bububu nyuma ya lango, na jiko la makaa, na msala wa kusalia, na redio ndogo. Hakuwa msemaji. Aliyezoea kelele za mashine miaka mingi hujifunza kunyamaza, kwa kuwa hata akisema hasikiwi.

Watoto wa mbwa waliletwa wawili ndani ya boksi moja, dume na jike, rangi ya kahawia, kila mmoja na doa jeupe kifuani na sikio la kushoto limejikunja. Aliyewaleta ni Hardik, daktari wa wanyama mwenye kliniki ndogo Mji Mkongwe, na yeye ndiye aliyewachanja. Fayaz alimchagua dume. Jike alimwona mdogo, hafai ulinzi, basi Hardik akaondoka naye akisema atamtafutia watu. Kabla ya kutoka aliuliza huyu dume atalala wapi. Fayaz akamjibu kwamba nafasi ipo tele.

Hardik alipokwisha ondoka, Fayaz alimpeleka Kificho nyuma ya nyumba, kwenye stoo iliyokuwa ya pampu ya maji. Haikuwa na dirisha. Mlango wake ulikuwa wa mbao uliopigwa bati, na chini yake fundi alikwisha kata uwazi wa kupitisha sahani.

"Mbwa anayezoea watu ni wa kuchezea watoto," Fayaz alisema. "Huyu asimzoee mtu, Mzee Kificho. Usimsemeshe, usimwite, sura yako asiione. Siku tutakayomfungua, kila atakayemwona atakuwa adui yake."

Kificho akauliza, na yeye je? Fayaz alifikiri kidogo, akasema kwamba yeye atajulikana kwa harufu, kwa kuwa ndiye mtia chakula. Maneno hayo alikuwa ameyapata kwa mtu mmoja wa Dar es Salaam mwenye mbwa wengi wa ulinzi, naye aliyaamini kama mtu mwenye hofu anavyoamini dawa. Mbwa huyo akampa jina la Komando.

Kificho hakubisha, na kusema kweli amri ile ilimfaa. Alilelewa akijua kwamba mate ya mbwa ni najisi, na kwamba yakimgusa mtu lazima aoshe mara saba, moja kwa udongo. Mtu wa sala tano, anayejichotea maji mwenyewe kwa goti bovu, hawezi kulilia mbwa wa karibu. Aliona tajiri kamwondolea tabu.

Siku za mwanzo kile kijibwa kililia. Kwa anayekisikia kutoka nyuma ya ukuta, kilio cha mtoto wa mbwa hakipishani sana na cha mtoto mchanga. Kificho alipandisha sauti ya redio. Baada ya siku chache akatambua kwamba mtoto yule alikwisha ujua mlio wa makubadhi yake. Kila alipokaribia, kilio kilikatika, na chini ya mlango ikasikika pua inavuta pumzi. Siku moja, alipokuwa akiisukuma sahani ya bati, ulimi mdogo wenye moto ukamlamba kidole. Aliuvuta mkono kama aliyeumwa na tandu. Akenda bombani, akachukua udongo chini ya mpapai, akaosha mara saba. Toka siku hiyo akawa anaisukuma sahani kwa fimbo ya ufagio. Pua iliendelea kuja uwazini, na fimbo ikawa inaigonga, bila ya yeye kukusudia. Baadaye pua haikuja tena. Kilio nacho kikaisha, na Kificho akamshukuru Mungu kwa utulivu ule. Shukrani hiyo ndiyo iliyokuja kumtesa kuliko yote.

Ikapita masika, ikapita vuli, na masika nyingine. Kificho alisafisha stoo kwa kuingiza mpira wa maji uwazini na kufungulia. Kila Ijumaa baada ya sala Fayaz alikuja kuangalia bidhaa, akasimama mbele ya ule mlango, akauliza mbwa yu vipi. Kificho akamjibu kwamba yu kimya. Fayaz alitikisa kichwa kwa kuridhika. Alikwisha ambiwa kwamba mbwa mkali habweki ovyo.

Walimfungua Jumapili moja ya kiangazi. Fayaz alivaa glavu za kazi, akashika mnyororo, akasimama nyuma ya mlango wa gari uliokuwa wazi ili apate pa kukimbilia. Kificho akavuta komeo akarudi nyuma. Hakikutoka kitu. Walingoja mpaka Fayaz akaanza kutazama simu, ndipo mbwa akatokea.

Alikuwa mkubwa kwa kimo, lakini miguu ya nyuma ilikuwa myembamba na manyoya yamepauka kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba ya kuanikia. Alisimama kizingitini kinywa wazi, jua limempiga usoni, wala hakugeuza kichwa kulikimbia. Kisha akatembea. Mbele ya stoo palikuwa na ngazi moja tu ya kushukia uani. Aliukanyaga upepo, kama aliyeamini kwamba sakafu haina mwisho, akaanguka kwa kidevu. Hakulia. Akainuka, akaufuata ukuta bega limeugusa, na alipofika pembeni akatia kichwa kwenye pembe akasimama hapo. Fayaz alipiga makofi. Alirusha kijiwe. Mbwa hata sikio hakulitega. Kuku wa jirani akapita mbele yake, naye akawa kama hakuona kitu. Halafu jani kavu la mpapai likaanguka nyuma yake, na lile dude zima likaanza kutetemeka mpaka likajikojolea.

Fayaz alitoka polepole nyuma ya gari. "Jua limemshtua," alisema. "Mpe siku mbili tatu."

Siku zikapita nyingi kuliko hizo. Komando alizunguka mbele ya stoo, duara lile lile, mpaka majani yakafa chini ya nyayo zake. Jina lake lilikuwa sauti kama sauti ya mvua. Kitu kimoja tu alikijua duniani, nacho ni mlio wa sahani ya bati ikiburuzwa kwenye saruji. Akiwekewa chakula uani, puani pake, hakukiona. Ilibidi Kificho amrudishe stoo kwa kumsukuma na fimbo ya ufagio, afunge mlango, aisukume sahani chini, ndipo ale. Na kila alipomaliza kula alibaki pale pale, uso ameuelekeza sakafuni, mlango ushafunguliwa na dunia yote iko wazi mbele yake.

Alasiri moja Kificho alikuwa akichemsha muhogo nje ya chumba chake. Aliingia ndani kuchukua chumvi. Alipotoka alimkuta Komando ameinama juu ya jiko, pua yake iko ndani ya makaa. Harufu ya manyoya ikapanda. Mbwa alirudi nyuma, akatikisa kichwa, akalamba pua iliyoungua, halafu akaja tena akaitia pale pale. Hakuwa na hasira wala hofu. Alikuwa na utulivu wa anayenusa ua. Kificho alipiga ukelele, akarusha upawa. Mbwa akaja mara ya tatu. Hapo Kificho alimrukia, akamkumbatia shingo kwa mikono miwili, wakaanguka pamoja kando ya jiko, sufuria ikamwagika. Mate ya mbwa yalimtiririka kifuani. Ndiyo mara ya kwanza kumshika, na mwili ule mikononi mwake haukumpinga wala haukumwegemea. Ulikuwa kama gunia.

Akampigia simu Hardik.

Daktari alikuja kabla ya magharibi. Alimwamkia Kificho shikamoo, akaitikiwa, akapiga magoti akampaka mbwa dawa kwa mikono mitupu. Halafu akauliza alilelewa wapi. Kificho alimwonyesha stoo. Hardik akaingia, akajifungia mlango, akakaa humo kidogo peke yake. Alipotoka rangi yake ilikuwa imebadilika.

"Hakuzaliwa hivi, Mzee wangu," alisema. "Nilimshika mimi. Alikuwa mzima."

Kificho akauliza ni maradhi gani.

"Si maradhi. Ubongo wa mtoto hauzaliwi umekamilika, akiwa mtoto wa mbwa, wa panya, hata wetu sisi. Unajijenga kwa anachokiona na anachokisikia na anachokigusa. Huyu hakupewa kitu cha kujengea. Moto unamuunguza, na maumivu anayapata, lakini hajui kwamba maumivu yanatoka kwenye moto. Hapana kitu ndani cha kuviunganisha."

Akamweleza kwamba mambo haya yanajulikana siku nyingi. Wataalamu walichukua panya wa tumbo moja, wengine wakawatia kwenye vizimba vitupu, kila mmoja peke yake, wengine wakawaweka pamoja, wana ngazi za kupanda na vitu vya kupindua. Walipokuja kuwapima, wale wa vizimba vitupu ubongo wao ulikuwa mwepesi zaidi. Na mbwa nao walipata kulelewa ndani ya masanduku, na walipotolewa walipeleka pua kwenye kibiriti kinachowaka, wakarudia, kama huyu alivyorudia.

Kificho alisikiliza akiwa ameishika fimbo ya ufagio bila ya kujua kwamba ameishika. "Akisemeshwa sasa?" aliuliza.

Hardik alijifuta mikono muda mrefu. "Kidogo kitarudi. Kingi hakirudi. Kila kitu kina muda wake, Mzee, na wake ushapita."

Fayaz alipoambiwa hayo alihuzunika, lakini alisema ni damu. Kijibwa chenyewe kilikuwa na kasoro toka tumboni. Hardik akamwambia yule jike wa tumbo moja yuko Paje, mzima wa afya, na kama hamwamini na aende akamwone. Fayaz hakuweza kuacha duka. Alimtuma Kificho, akamletee habari.

Walikwenda kwa kigari cha Hardik, siku aliyokuwa na chanjo za kichaa cha mbwa upande wa kusini. Walifika Paje maji yamekupwa mbali. Wanawake walikuwa kwenye mashamba yao ya mwani, wameinama, wanafunga vipando kwenye kamba, na ng'ambo yao wazungu wa matiara, vile vishada vya kumvuta mtu juu ya maji, walikuwa wakiburuzwa na upepo. Kati ya wale wanawake palikuwa na mbwa wa kahawia. Walimwita Mwani.

Alipomwona Hardik alisimama ghafla. Aliikumbuka sindano. Akajificha nyuma ya mwanamke mmoja, Bi Mwatum, kisha akatoa kichwa upande mmoja kuchungulia kama yule mtu na mkoba wake bado wapo. Kificho aliliona doa jeupe kifuani na sikio la kushoto lililojikunja. Mbwa yule alipita juu ya kamba za mwani akiinua kila mguu, hakukanyaga hata moja. Uzi wa tiara uliposhuka karibu yake alilala chini kifudifudi, akauacha upite, akainuka akaendelea na safari yake. Aliwajua wenye mkate na wasio nao. Bi Mwatum alisema kwamba maji yakianza kurudi, mbwa huwahi kujua kabla yao. Huwabwekea mpaka wakusanye vitu vyao.

Kificho aliuliza, kwa aibu kidogo, wanaishi naye vipi na wao ni watu wa sala.

"Hatumgusi," alisema Bi Mwatum. "Nguo zetu za sala ziko nyumbani. Lakini kusema naye kuna najisi gani? Tunashinda hapa majini kutwa. Tunamwambia kila kitu, mpaka mambo ya waume zetu."

Wenzake wakacheka. Kificho alikaa chini kwenye mchanga ulioroa maji, akabaki hapo, suruali inamrowa. Miezi yote ile alijiambia kwamba ni dini iliyomweka mbali na ule mlango. Sasa mwanamke asiyemjua, mwenye dini ile ile, kamvua kisingizio kile mbele ya watu bila ya kukusudia. Sauti haikuwa na najisi. Angeweza kusema asubuhi, akasema jioni, nyuma ya mbao, udhu wake uko pale pale.

Habari alizifikisha. Fayaz alivuta pumzi, akasema ndugu wa tumbo moja hawalingani, hata yeye na kaka yake hawalingani.

Kutoka hapo Kificho akaanza kusema. Mtu aliyekuwa bubu wa hiari alishinda na mbwa akimhadithia: meli alizofanyia kazi, mashine zilizomkata vidole, Jongowe kulivyo, binti yake Nusrat aliyeolewa Mkokotoni. Alimletea nusu ya tairi, kumbi la nazi, mkeka mkuukuu. Alimshika kila siku, akampapasa mgongo, kisha akaosha mara saba na kubadili nguo, na goti lake likavimba kwa kuinama bombani. Hakujali. Masikio ya Komando hayakugeuka. Lakini baada ya wiki nyingi aliacha kutetemeka kwa majani makavu, na asubuhi moja alikula chakula kilichowekwa uani, mlango haujafungwa. Kificho alimpigia Hardik kumwambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye mtoto wake kapiga hatua ya kwanza. Asubuhi iliyofuata mbwa aliipita sahani ile kama haipo. Hakula tena nje.

Hardik akajaribu jambo jingine. Alimwazima Mwani kwa siku chache, akamleta Bububu. Mwani aliingia uani mkia juu, akamnusa ndugu yake kila pahala, akainamisha kifua chini na kunyanyua makalio kama mbwa wafanyavyo wanapoitana mchezo. Komando alisimama. Mwani akamzunguka, akamgusa kwa mguu, akamletea kumbi la nazi akaliweka mbele yake. Komando alimtazama kama anavyoutazama ukuta, kisha akenda zake stoo. Mwani alijaribu na kesho yake. Siku ya tatu alikwenda akalala langoni, kichwa juu ya miguu, akingoja kurudishwa kwao. Alikuwa ameshajifunza kulisukuma komeo la lango kwa pua.

Mwezi ule Kificho alikwenda Jongowe, akamsimulia Mashavu yote. Mashavu alikuwa akipeta mchele. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba yeye Nusrat alimsemesha toka yumo tumboni. "Wewe ulikuwa baharini," alimwambia. "Hukuona. Mtu husemeshwa kabla ya kujua maneno, ndiyo baadaye anayajua." Alilisema bila ya lawama yoyote, na kwa hivyo lilimwingia zaidi. Akamtaka aiache kazi ile arudi nyumbani. Kificho akajibu kwamba hawezi kumwacha mbwa.

Huko Bububu nafasi yake ilishikwa na Matar, kijana wa dukani. Siku ya pili Matar alichoma maboksi matupu uani, kama wafanyavyo watu wote, akaenda langoni kumfungulia mwenye lori. Komando aliufuata moto. Safari hii haukuwa wa jiko. Aliingia kwa miguu ya mbele na uso, na Matar aliporudi alimkuta amesimama katikati ya ndimi za moto, hatoki. Alimvuta kwa kulabu ya chuma, akaungua na yeye mikono.

Kificho alirudi akamkuta Hardik amekaa sakafuni mwa stoo. Macho ya mbwa yalikuwa yamekwisha. Nyayo zilikuwa nyama tupu. Hardik alisema anaweza kumtibu, atapona baada ya miezi, awe kipofu, na siku atakayoweza kutembea atautafuta moto mwingine kwa harufu.

"Nambie wewe, Mzee," alisema. "Sitamgusa mpaka useme."

Kificho alisema ampige sindano ya kumpumzisha.

Alimpakata kichwa. Kilikuwa kizito, na kifua kilikuwa kinapanda na kushuka bila ya haraka. Wakati Hardik anatayarisha sindano, Kificho aliinama akamsemesha sikioni, pole pole, maneno yale yale ya kila siku. Alikuwa na tamaa ya jambo dogo tu: sikio lijongee, pumzi ibadilike, ulimi utoke, chochote cha kumwambia kwamba mnyama huyu japo mara moja alijua kuna mtu karibu yake. Sindano ikaingia. Mbwa hakushtuka. Kifua kilipanda, kikashuka, hakikupanda tena, wala hakuonekana kujua kama alikuwa na mtu au alikuwa peke yake.

Fayaz alikuja wakati wa kuzika. Alisimama kando ya shimo, akamwomba radhi Kificho, akasema aliyafanya kwa ajili ya mama yake. Macho yalimlengalenga machozi, na hakuwa anaigiza. Kificho alimpa mkono. Akadhani jambo lile limekwisha.

Mvua za vuli zilipoanza, Fayaz alifika na boksi. Hardik alikuwa amekataa kumtafutia mbwa mwingine, kwa hivyo huyu kampata kwingine: mweusi, miguu mifupi, anajaribu kupanda ukingo wa boksi. Fayaz alieleza kwa upole kwamba kosa la mara ya kwanza kalijua. Walimweka muda mrefu mno. Huyu atakaa miezi sita tu, na fundi atatia taa ndani ya stoo.

"Bwana Fayaz," alisema Kificho, "niache nimsemeshe. Mlango ufungwe, sawa. Mimi nimsemeshe tu."

"Mama mpaka leo hawezi kulala bila ya mtu chumbani, Mzee Kificho. Sitaki mbwa wa kusemeshwa. Nataka mbwa atakayewatisha watu."

"Hatamtisha mtu. Umemwona yule."

Fayaz hakukasirika. Alisema kila mbwa na bahati yake, na kwamba kama kazi imemchosha hatamlazimisha. Kificho alimtazama yule mtoto mweusi ndani ya boksi. Ilimpitikia kumchukua, ampakie chini ya koti, aende naye Jongowe. Hakufanya. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu alilolipata ni kwamba toka ujana wake hakupata kuchukua kitu cha tajiri, na mazoea yale yalikuwa na nguvu kuliko huruma yake. Alimkabidhi Fayaz funguo, akafunga nguo zake.

Mlinzi mpya alikuwa Himid, mtu wa makamo kutoka Donge. Kificho alikaa naye langoni akamweleza kila kitu: pua ya chini ya mlango, fimbo, moto, wanawake wa Paje. Himid alimsikiliza kwa heshima. Mwisho alisema kwamba yeye ana watoto wanaosoma, na tajiri kakataza. Neno hilo la tajiri kakataza Kificho alikuwa ameliegemea mwenyewe mwaka mzima, na halikuwahi kuwa zito kwa mtu.

Akarudi Jongowe. Alikaa barazani siku nyingi bila ya shughuli, na akisemeshwa na watu alijibu "naam" akaishia hapo. Hardik alimpigia simu mara kwa mara. Alimwambia kwamba alikwenda Bububu, Himid akamzuia langoni. Alikwenda kwa wakubwa wanaohusika na mambo ya wanyama, wakampokea vizuri, wakasema watakwenda kuangalia. Halafu akapiga tena, miezi imepita, akasema hawakwenda. Alikuwa ameegesha kigari chake nje ya ule ukuta kwa muda, akasikiliza, na hakusikia kitu.

"Hata kulia?" aliuliza Kificho.

"Hata kulia."

Kificho aliishusha simu. Mashavu, aliyekuwa akifua uani, aliuliza nani aliyepiga. Akamjibu ni yule daktari wa wanyama. Mashavu akauliza kwani kuna mnyama anayeumwa, na Kificho akasema yuko mmoja, kule Bububu, na hakuna anayemsemesha.